Mfuko wa Ndugu

Blanketi lile nililiona kwanza nikiwa mlangoni. Nilikuwa nimefika Kibondo kumsalimu mama, hata viatu sijavua, nikawa napeleka mfuko wa mchele chumbani kwake kwa sababu ndiko anakopenda kuweka vitu ninavyomletea. Pazia lilikuwa limefungwa fundo. Juu ya kitanda chake, mahali nilipozoea kuona blanketi la kijivu la tangu nikisoma shule ya msingi, palikuwa na kitu cha rangi nyingi: vipande vya vitenge, vya kanga, vya mashati, vimekatwa miraba sawasawa na kuunganishwa mpaka vikafunika kitanda kizima na kuning'inia pembeni.

"Umeliona?" mama akaniuliza nyuma yangu. "Wifi yako kanishonea. Ana mikono mtoto yule! Baridi ya asubuhi siijui tena."

Nikasema ni zuri. Nikaweka mchele chini, nikatoka. Sikuligusa, kwa sababu ningeligusa ningeligeuza nitazame mshono wa ndani, na nilihofia kuukuta umenyooka.

Mimi ndiye fundi wa ukoo wetu. Naomba hilo lieleweke mapema, maana yote yaliyofuata yalianzia hapo. Nilikuwa nashona Kasulu mjini kabla kaka yangu hajafikiria kuoa. Nimevalisha maharusi wa Titye, nimeshona sare za kwaya zaidi ya moja, na kuna wanawake wanaotoka Nyakitonto na kitambaa kwapani, wakiwapita mafundi wanne sokoni bila kugeuza shingo, mpaka kwangu. Wifi yangu, mke wa kaka, alipoolewa alikuja na ujuzi mmoja tu, wa kuunganisha vipande kwa sindano ya mkono. Ni binti wa familia iliyotoka Burundi ikapata uraia, na walikuwa wakilima karibu na kambi ya Nyarugusu; huko sokoni mama mmoja wa Kikongo ndiye aliyemfundisha. Kaka alipomnunulia cherehani, aliyekwenda Kibondo kumwonyesha uzi unapita wapi na bobini inakaa wapi ni mimi. Nilikaa siku tatu. Nilimshika mkono mpaka akajua kunyoosha mstari.

Basi niliona wivu. Nimejaribu kutafuta neno la heshima zaidi sijalipata. Ulinikaa tumboni tangu pale mlangoni, nikala nao chakula cha mchana, nikapanda nao basi. Kilichonichoma zaidi ni ile kauli ya mama, "ana mikono", maana tangu nikiwa msichana ni mimi ambaye alikuwa akiniambia hivyo. Majirani waliofika kunisalimu siku ile walipelekwa chumbani wakaonyeshwe blanketi, halafu ndipo wakanisalimu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nikajisemea, na nikawa na hamu kubwa ya kuyaona hayo maji.

Kabla basi halijaacha mji nilikuwa nimeamua. Nitashona langu, kubwa kuliko lile na zuri kuliko lile, na litakaa juu ya kitanda cha mama. Wageni wakiuliza nani kashona, atasema ni binti yangu wa Kasulu. Hicho tu ndicho nilichokitaka, na nilikitaka kwa nguvu ambayo sikuwahi kuitumia kutaka kitu kingine, hata nyumba.

Wakati huo cherehani yangu ilikuwa kwenye baraza la duka moja sokoni. Ni mahali pazuri kwa kushona magauni, kwa sababu kila anayepita anakuona, lakini kitu cha ukubwa wa kitanda hukitandazi pale. Watu watakikanyaga, kuku watapita, vumbi jekundu litamaliza kazi. Wifi alikuwa na chumba chake cha kushonea nyumbani, kaka alimtengea. Nami nikataka chumba.

Chumba pekee kilichokuwepo kwetu kilikuwa stoo ya mahindi na maharage. Nilipoanza kutoa magunia, mume wangu alisimama ukumbini na kikombe chake cha chai akanitazama.

"Mke wangu, unahama au unahamishwa?"

"Nahamisha mahindi."

"Yatalala wapi?"

"Upande wako wa kitanda," nikamjibu, na hakuuliza tena.

Nilifagia siku nzima. Nikaziba matundu ya panya kwa saruji, nikapaka chokaa. Dirisha lilikuwa la mbao na halikuwa limefunguliwa miaka, bawaba zikalia wee mpaka zikakubali. Nikaiweka cherehani ili mwanga unifikie kutoka kushoto. Meza ya kukatia niliitengeneza kwa mlango wa zamani wa choo, ambao niliusugua kwa sabuni mara tatu na sikumwambia mtu yeyote asili yake. Nikapigilia misumari ukutani ya kutundikia futi, mikasi na nyuzi. Harufu ya maharage ilibaki, na kwa wiki mbili fukusi walikuwa wakinidondokea kwenye kitambaa kutoka darini. Lakini nilipokaa siku ya kwanza, nikafunga mlango, nikakanyaga, nikasikia mlio wa cherehani yangu peke yake bila redio ya muuza viatu, nilifurahi. Halafu nikakumbuka kwamba wifi alikuwa na raha hii miaka yote, nikaacha kufurahi.

Vitu viwili nilivileta kutoka sokoni bila kuvifungua. Cha kwanza ni gunia la mabaki. Kipande kikubwa kikibaki kwenye kitambaa cha mteja namrudishia, mimi si mwizi, ila vidogo vidogo huwa havidaiwi, na gunia lilikuwa limevikusanya miaka mingi. Cha pili ni mfuko wa ndugu.

Mfuko wa ndugu kila fundi ninayemjua anao, hata kama anauita vingine. Mteja asipopata nguo yake siku ya ahadi atakutukana soko zima lisikie. Ndugu atasema hamna shida, malizia kwanza za watu. Kwa hiyo kitambaa cha shangazi, cha binamu, cha mume wangu, na vyangu mwenyewe, vyote viliingia kwenye mfuko mmoja wa salfeti vikisubiri siku ambayo za watu zitaisha. Za watu haziishi. Mganga hajigangi, tulikuwa tukiambiana mafundi pale barazani, na tukicheka. Nikautundika mfuko kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila nilipofunga mlango kwa nguvu ulianguka, nami nikauokota na kuutundika tena.

Kazi ya blanketi ilinichukua kiangazi chote. Nilikata kipimo cha mraba kutoka kwenye boksi la sabuni, nikakichora kwa chaki juu ya kila kipande. Nilivipanga kwenye mkeka sakafuni, manjano na machungwa katikati, bluu na nyeusi pembezoni, nikavipangua, nikavipanga upya. Kila kimoja nilimjua mwenyewe. Kile cha zambarau kilikuwa cha mwalimu aliyerudisha gauni mara tatu na mara ya nne akakiri kuwa amenenepa. Kile cha kijani kilikuwa cha kwaya iliyogombana kabla haijavaa sare hata mara moja. Kulikuwa na bibi harusi wa Titye, na mke wa mchungaji, na mama wa Kakonko aliyetaka mabega yaliyosimama mpaka hakuweza kupita mlango wa duka bila kukaa upande.

Wivu ni bwana mkali wa kazi. Niliukosea mshono nusu inchi nikaufumua, jambo ambalo kwa gauni la mteja ningelipitisha na pasi. Siku moja nilitia katikati vipande vya tetroni vya sare za shule, nikavipiga pasi ya mkaa yenye moto wa kitenge, vikakunjamana vyote, nikafumua safu tatu nzima huku nikimlaumu wifi kwa sauti. Mume wangu alichungulia.

"Unagombana na nani humo?"

"Na pasi."

"Pasi ina jina la wifi yako?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ufundi wateja ndio waliosubiri. Niliwaambia cherehani ina matatizo. Mama mmoja alinitukana dirishani na nikakubali kila neno, kwa sababu nilikuwa naunganisha pembe. Ndani nikaweka blanketi jepesi, chini nikatia bitana ya bluu iliyokolea, nikapindia pembeni kwa upana wa vidole viwili. Nilipolitandaza kwenye kitanda chetu lilifika sakafuni pande zote mbili. Nililigeuza nikatazama mshono wa ndani. Ulikuwa umenyooka toka mwanzo mpaka mwisho, na nikasema peke yangu, haya, na alete wake.

Nikalifunga kwenye kanga mpya, nikapanda basi la Kibondo.

Mama alikuwa ameketi uani akichambua maharage, wifi yuko jikoni. Nilisalimia, "Mwakeye," nikaitikiwa vizuri, lakini sikuwa na subira ya salamu ndefu. Niliufungua mzigo palepale, juu ya mkeka, na nikahakikisha wifi ameitwa atoke.

Wifi akafuta mikono kwenye kanga yake, akapiga magoti, akalishika pembeni, akaligeuza upande wa chini kama mimi nilivyoogopa kuligeuza la kwake. "Wifi," akasema, "hii ni kazi! Mimi hapa bado sana. Hizi pembe umezikutanishaje?" Alisema kwa moyo wake wote, na hilo likaniudhi, kwa sababu nilikuja nimejiandaa kwa mtu atakayenuna.

Mama alisogeza ungo wa maharage, akavuta blanketi mpaka magotini, akaanza kupitisha kidole.

"Hiki cha nani?"

"Cha mwalimu mmoja, mama."

"Na hiki?"

"Cha kwaya."

"Hiki chekundu?"

"Mteja. Wa Nyakitonto."

Alikwenda hivyo safu baada ya safu, bila haraka, na nilidhani anapendezwa. Nilimweleza vituko vya wenye vitambaa, akacheka pale pa kucheka. Alipofika mwisho akarudi juu, akaanza tena, sasa bila kuuliza. Aliinua na pindo akatazama chini yake.

"Mbona changu sikioni?" akasema.

"Chako kipi?"

"Kile kitenge cha ndege, nilichokupa mwaka juzi. Gauni sikulidai, nilijua una kazi nyingi. Ila nilidhani japo kipande utakuwa umekitia humu."

Wifi aliinuka akasema chungu kinaungua, ingawa hatukusikia harufu yoyote, na akaingia jikoni. Hata hilo la kuniondolea aibu alilifanya vizuri kuliko ambavyo ningelifanya mimi.

"Kipo, mama," nikasema. "Kipo kwenye mashine."

"Ego, sawa," mama akasema. "Njoo nikuonyeshe."

Akaniingiza chumbani. Akakaa kitandani na kwa kidole kilekile akanisomea blanketi la wifi, nami kwa mara ya kwanza nikalitazama kwa karibu. Hili gauni langu la Pasaka. Hili la kipaimara cha mjukuu. Hili nilivaa msibani, likachanika kwapa, akalirekebisha, na alipoona limechakaa akalikata. Hili shati la baba yenu, nilikuwa nimelificha chini ya sanduku, nikampa mwenyewe. Hii kanga nilikubebea wewe. Mshono wa wifi ulikuwa umepinda sehemu mbili, niliona. Jicho langu halikuacha kutafuta. Lakini nilikuwa nahesabu kitu kingine.

"Magauni yote haya kakushonea yeye?"

"Nani mwingine?" mama akasema. Hakunitupia kijembe, aliuliza tu. Nikamtazama alivyokaa. Hata alilokuwa amevaa wakati ule, la maua madogo, lenye kola, lilikuwa la mkono uleule. Nimekaa na mama yangu, nimekula naye, nimemsindikiza kanisani, na mimi ambaye naweza kumtambua fundi kwa jinsi alivyopindia mkono, sikuwahi kuuliza nani anamvalisha.

Tukarudi uani. Mama akalikunja langu vizuri sana, pembe kwa pembe, akalipeleka ndani. Nikasikia kifuniko cha sanduku. Alipotoka alikuwa na uso wa furaha.

"Nimeliweka," akasema. "Hili ni zuri mno, nitaliharibu. Hili la wageni."

Kwetu hiyo ni sifa kubwa. Vikombe vya maua ni vya wageni, shuka jeupe ni la wageni, kuku mnono ni wa wageni. Yeyote angesikia angesema mama amenipa heshima. Nikashukuru. Mchana alipokwenda kujinyoosha nilipita mlangoni nikaona amejifunika lile la wifi mpaka kidevuni, ameshika pindo kwa mkono. Nilimwonea wivu wifi, na nilivionea wivu hata vile vitambaa.

Nilirudi Kasulu jioni ileile. Asubuhi yake, kabla ya chai, niliingia stoo, nikafunga mlango kwa nguvu, na mfuko wa ndugu ukaanguka. Safari hii niliumwaga juu ya meza. Kulikuwa na suruali ya mume wangu ambayo alishaacha kuiulizia. Kulikuwa na kitambaa cha shangazi ambaye tulikwisha kumzika. Kitenge cha mama kilikuwa chini kabisa, ndege weupe kwenye bluu, bado kimekunjwa alivyokikunja yeye, na ndani yake karatasi niliyoandika vipimo mwenyewe siku aliponipa, tukiwa tumesimama pale barazani na wateja wawili wakinisubiri. Kifua arobaini.

Nilikitandaza, nikashika chaki. Nikasita. Nilikumbuka shingo yake jana pale uani, mifupa ya bega imejitokeza juu ya kola. Kifua cha arobaini hakipo tena. Ningekata kwa karatasi ile gauni lingemning'inia kama limeanikwa, na ningekuwa nimekiharibu kitambaa chenyewe. Kurudi Kibondo kumpima kulimaanisha kumwambia mama kwamba nilimdanganya, kwamba hakijawahi kugusa mashine. Alikuwepo mtu mmoja tu wa kumuuliza. Niliishika simu, nikaiweka, nikapiga pasi kitambaa ambacho hakikuhitaji pasi, nikaishika tena, nikampigia wifi.

"Wifi! Ulifika salama?" akaniwahi.

"Salama. Wifi, nilikuwa naomba..." Nikakohoa. "Una daftari lako karibu? Nisomee vipimo vya mama."

Hakuniuliza vya nini. Nilijiandaa kusikia akitembea, akifungua droo, akipekua kurasa, kama mimi ambavyo ningefanya.

"Andika," akasema palepale. "Bega kumi na nne. Kifua thelathini na tano. Kiuno thelathini na mbili. Shingo usiikate chini, anasikia baridi hapa mbele. Na mkono wa kulia usimbane, wifi, ule unamuuma, hauinui vizuri. Mwongezee inchi mbili."

Kwamba mkono wa mama unauma, na tangu lini, mimi sikuwa najua. Niliona haya kuuliza, na nilimwonea wifi wivu kuliko siku zote. Nikageuza ile karatasi ya zamani, nikaandika nyuma yake: mkono wa kulia, ongeza inchi mbili.